Mbega (mtawala wa Usambara)

Makala hii inahusu mtu. Kwa habari za kima mwenye manyoya marefu meusi na meupe, tazama Mbega (mnyama).

Mbega (pia: Mbegha, aliishi katika karne ya 18) alikuwa mwindaji kutoka milima ya Nguu ambaye masimulizi ya Wasambaa yanamtaja kuwa mtawala wa kwanza wa ufalme wa Usambara, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Ndiye mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, uliotoa watawala wa milima hiyo kwa vizazi vingi mpaka mamlaka ya machifu ilipofutwa nchini Tanganyika mwaka 1963.

Umaarufu wake haukutokana na vita. Hakuja na jeshi, wala hakurithi kiti. Alikuja na mbwa, mikuki na dawa za kuwindia, akazunguka kutoka kijiji hadi kijiji akiwaua wanyama waliokuwa wakiwatesa wakulima, naye akilipwa chakula. Kazi hiyo ya kuua wanyama kwa malipo ndiyo iliyomfikisha kwenye utawala, na kila mzee wa Usambara anayesimulia habari zake huanzia hapo.

Vyanzo vya habari zake

Hakuna maandishi yoyote ya wakati wa Mbega mwenyewe. Yote yanayojulikana juu yake yalipokelewa kwa mdomo, yakaandikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake. Kwa sababu hiyo ni vigumu kutenga kilichotokea hasa na kilichoongezwa na wasimulizi, na makala hii inapoeleza maisha yake inafuata masimulizi hayo.

Chanzo kikuu ni kitabu cha Habari za Wakilindi kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyekaa Usambara na kumfahamu kwa karibu Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Kitabu hicho kilichapishwa na wamisionari Waanglikana wa Magila (Msalabani) katika sehemu tatu kati ya mwaka 1895 na 1907. Kilitolewa tena Nairobi mwaka 1962, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963. Ni kati ya vitabu vya kwanza vikubwa vya historia vilivyotungwa kwa nathari ya Kiswahili na mwandishi wa Afrika Mashariki, na sehemu ya Mbega ndiyo inayosomeka vizuri kuliko zote.

Mwaka 1933 Mwingereza Alice Werner alisimulia upya kisa hicho katika kitabu chake kuhusu visasili vya Wabantu. Baadaye, katika miaka ya 1960, mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman aliishi Usambara akajifunza Kisambaa na kukusanya matoleo mengi ya kisa kutoka kwa wazee wa Wakilindi na wa koo nyingine pia. Kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilitoka mwaka 1974. Kwa kulinganisha matoleo hayo alionyesha kwamba majina ya vijiji na ya watu hubadilika kadiri ya msimulizi na ukoo wake, lakini kiini cha kisa ni kilekile kila mahali: mgeni, nguruwe, nyama, simba, Vuga.

Wakati wa maisha yake hukadiriwa kwa kuhesabu vizazi. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862 akiwa mzee sana, alianza kutawala mnamo mwaka 1815. Kabla yake alikuwako Kinyashi, kabla ya Kinyashi alikuwako Buge, na Buge alikuwa mwana wa Mbega. Kwa hesabu hiyo Mbega anaangukia nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Kuzaliwa na kunyimwa urithi

Mbega alizaliwa katika milima ya Nguu, kusini magharibi mwa Usambara, ng'ambo ya mto Pangani. Inasimuliwa kwamba meno yake ya juu yalitangulia kuota kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na makabila mengi ya eneo hilo, yaani Wazigua, Wanguu, Wabondei na Wasambaa, yaliamini kwamba akiachwa hai atawaletea ndugu zake vifo. Desturi ilikuwa kumwua. Neno hilo limebaki katika kamusi za Kiswahili hadi leo likiwa na maana ya mtoto wa mkosi.

Wazazi wake hawakumwua. Alikua kama watoto wengine, lakini sifa yake ilimfuata. Wazazi wake walipofariki, ukoo ulikutana kugawa mali, naye akakataliwa. Ndugu zake walisema kigego hana fungu katika urithi, wakaendelea kumhesabia kila kifo na kila ugonjwa uliotokea katika ukoo. Katika jamii ambamo kijana alitegemea mali ya ukoo ili kuoa na kupata shamba, kunyimwa urithi kulikuwa karibu sawa na kufukuzwa.

Alichobaki nacho ni ustadi wake wa kuwinda. Akaingia porini na mbwa wake, akawa anaishi kwa nyama.

Kilindi

Kutoka kwao alihamia mahali paitwapo Kilindi. Huko alipokewa vizuri, kwa kuwa mwindaji aliyegawa nyama alikuwa mgeni mwema. Mwana wa mkubwa wa mji alimpenda, wakafanya urafiki, na kijana huyo akaomba kufundishwa kuwinda. Mbega alimchukua pamoja na vijana wengine.

Siku moja waliingia katika kichaka chenye nguruwe-mwitu wengi. Katika vurugu ya mbwa na nguruwe yule mwana wa mkubwa alishambuliwa akafa. Mbega alijua kwamba hakuna atakayeamini ni ajali. Alikuwa mgeni, alikuwa kigego, na maiti ilikuwa ya mrithi. Wale vijana waliokuwa pamoja nao nao waliogopa kurudi mjini kupeleka habari. Wote wakakimbia naye.

Ndiyo sababu kundi hilo liliitwa Wakilindi, yaani watu waliotoka Kilindi. Jina la mahali walipopakimbia likawa jina la ukoo wa kifalme. Leo kuna Wilaya ya Kilindi katika Mkoa wa Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2002, makao makuu yake yakiwa Songe.

Mwindaji wa nguruwe

Mbega na wenzake walivuka bonde la mto Pangani wakapanda Usambara. Tofauti ya nchi hizo mbili ina uzito mkubwa katika kisa. Wasambaa huita nchi yao ya milimani Shambaai: nchi yenye mvua, ukungu, migomba na vijiji vilivyokaribiana. Chini yake ni nyika: nchi kavu, yenye joto, homa na wanyama wakali. Mbega alitokea nyikani.

Kituo cha kwanza kinachotajwa mara nyingi ni Zirai. Wawindaji walipiga kambi porini, na wakulima wakaona moshi. Walipokwenda kuangalia waliwakuta watu wasiowajua wakiwa na nyama nyingi kuliko walivyoweza kula. Mbega aliwagawia. Wao wakarudi nyumbani wakaleta chakula cha shambani. Tangu siku hiyo yakawa mapatano: yeye anatoa nyama na kuua nguruwe, wao wanatoa chakula kilichopikwa.

Msomaji wa mjini anaweza kujiuliza kwa nini nguruwe awe adui wa kumfanya mtu mfalme. Nguruwe-mwitu wa Afrika Mashariki hutembea usiku kwa makundi. Hufukua mizizi kwa pua, huangusha migomba na kukanyaga asichokula, hivyo kundi moja laweza kumaliza shamba la familia kwa usiku mmoja au miwili. Dume mkubwa huweza kufikia kilo 100 na zaidi, ana meno makali, na akijeruhiwa hamkimbii mtu bali humrudia. Ngozi yake ni ngumu, vichaka anavyolala ni vizito, na mbwa wengi hufa wakimzuia. Wakulima walijenga vidungu mashambani wakakesha wakipiga kelele, lakini kelele humhamishia nguruwe kwa jirani tu. Hata leo wakulima wa kando ya misitu ya Usambara wanalalamikia nguruwe na nyani.

Mbinu ya Mbega ilikuwa ya mbwa na mkuki. Mbwa humwamsha mnyama, humfukuza na kumzingira mpaka asimame, ndipo mwindaji humkaribia kwa miguu na kumchoma. Ni kazi ya kusimama hatua chache mbele ya meno. Masimulizi yanaongeza kwamba alikuwa na dawa za kuwindia na za kulinda mashamba, na kwamba watu walizitaka dawa hizo kama walivyoutaka mkuki wake. Kwa Wasambaa wa wakati ule mambo hayo mawili hayakutengana: mwindaji hodari alikuwa mganga, na mganga asiye na nguvu juu ya wanyama hakuwa mganga.

Sifa zake zilitangulia mbele yake. Kutoka Zirai aliitwa sehemu nyingine, kisha akafika Bumbuli. Kila mahali alifanya kazi ileile, na kila mahali watu walimletea pia magomvi yao ili awaamue, kwa kuwa hakuwa wa ukoo wowote kati ya koo zilizogombana. Alikuwa mgeni asiye na shamba la kugombania wala mjomba wa kumpendelea. Yaliyomfukuza kwao, yaani kutokuwa na ukoo wa kumdai, yakawa huku ndiyo sababu ya kuaminiwa.

Vilevile alioa. Watu wa sehemu mbalimbali walimpa binti zao, na jambo hilo lilikuja kuwa na matokeo makubwa baadaye.

Usiku wa simba

Vuga ni mlima ulio katikati ya Usambara Magharibi, karibu na Soni ya leo. Wazee wake, wakiongozwa na mtu ambaye masimulizi humwita Turi, walisikia habari za mwindaji wa Bumbuli wakatuma ujumbe kumwomba aje kwao.

Mbega alikwenda usiku. Njiani, au katika usiku uleule wa kuwasili kwake kadiri ya matoleo mengine, alikutana na simba akamwua. Kulipopambazuka watu walitoka nyumbani wakamkuta simba amelala chini amekufa na mgeni amesimama kando yake. Wakampigia kelele za shangwe, wakamwita Simba, wakampa nchi.

Tukio hili ndilo kilele cha kisa chote, na lina tofauti moja na yale ya Zirai na Bumbuli. Nguruwe ni adui wa mazao. Anayemwua anapewa chakula. Simba ni adui wa watu na wa mifugo, na kuna machache asiyoweza kuyachukua akitaka. Watu wa Vuga walipomwita muuaji wake kwa jina la simba mwenyewe walikubali kwamba mgeni huyo sasa ana nguvu ya kuchukua. Tangu hapo watawala wa Usambara waliitwa Simba Mwene, na katika sherehe ya kumsimika mfalme mpya ilitamkwa wazi kwamba nchi na vilivyomo ni vyake. Yaani wazee wa Vuga hawakukodi tena, walijikabidhi. Ni vigumu kusoma sehemu hii bila kuona kwamba wasimulizi wenyewe walijua hatari ya mapatano hayo.

Inasimuliwa pia kwamba ngozi ya simba yule ilitunzwa, na mwanawe Buge alizaliwa juu yake.

Utawala

Vuga ikawa mji wa kifalme na ikabaki hivyo hadi wakati wa ukoloni. Richard Burton na John Hanning Speke waliufikia mwaka 1857, wakati wa uzee wa Kimweri, na mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika katika nchi hiyo mwaka 1848 na tena 1852. Maelezo yao yanahusu ufalme uliokwisha kukomaa, lakini misingi yake inahesabiwa kuwa ya Mbega.

Msingi mmojawapo ulikuwa ndoa zake. Kabla yake Wasambaa waliishi kwa koo, kila ukoo na eneo lake na wazee wake, bila mkubwa wa wote. Mbega alioa katika maeneo hayo, na wana waliozaliwa waliwekwa kuwa wakubwa katika nchi za mama zao. Kila mmoja alikuwa Mkilindi kwa baba na mwenyeji kwa mama. Watu wa mahali walimkubali kwa sababu alikuwa mpwa wao, naye alimtii mfalme kwa sababu alikuwa baba yake. Buge, mrithi, aliwekwa Bumbuli, na desturi ya mrithi kukaa Bumbuli kabla ya kuitwa Vuga iliendelea kwa vizazi.

Udhaifu wa mpango huo hauonekani mpaka baba anapokufa. Ndugu wanaweza kumtii ndugu yao aliyekuwa Simba. Watoto wa ndugu ni jambo lingine.

Msingi wa pili ulikuwa mvua. Wasambaa waliamini kwamba mfalme mwenye nguvu asiye na mpinzani ana uwezo wa kuleta mvua, na hapo ndipo anapoiponya nchi, jambo wanaloliita kuzifya shi. Wakubwa wakishindana, nguvu kwa nguvu, mvua hukatika na nchi huharibika, ndiyo kubana shi. Mbega anakumbukwa kama mfano wa hali ya kwanza: nguvu moja iliyokusanya nchi moja. Kodi ya mazao na mifugo iliyopelekwa Vuga ilieleweka kuwa malipo ya uponyaji huo, kama vile chakula cha Zirai kilivyokuwa malipo ya kuua nguruwe.

Kifo na urithi wa kiti

Mbega alifariki Vuga. Kadiri ya Habari za Wakilindi, ugonjwa na kifo chake vilifichwa. Watu wachache tu walijua, na ujumbe wa siri ulitumwa Bumbuli kumleta Buge. Alisafirishwa usiku, na kifo kilitangazwa wakati mfalme mpya alikuwa tayari yupo. Hivyo nchi haikukaa hata siku moja bila Simba.

Jambo hilo likawa desturi. Kila mfalme mpya aliletwa Vuga usiku kwa njia ya Bumbuli, akifuata nyayo za safari ya mwindaji yule, na kulipokucha watu walimpokea kwa jina la simba. Kwa vizazi kadhaa basi maisha ya Mbega hayakusimuliwa tu bali yalichezwa upya na kila aliyemfuata.

Buge hakutawala muda mrefu. Alifuatwa na Kinyashi, kisha Kimweri ye Nyumbai, ambaye alipanua ufalme mpaka karibu na pwani ya Tanga na Pangani.

Baada ya Mbega

Mwaka 1862 Kimweri alifariki, akifuatwa na mjukuu wake Shekulwavu. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, aliyekaa Mazinde kando ya njia ya misafara, hakumkubali. Alikuwa na bunduki zilizotoka kwa wafanyabiashara. Alimfukuza Shekulwavu kutoka Vuga na kumweka mwanawe mwenyewe. Wakubwa waliouza watu ili kupata baruti walitokea pande zote mbili. Wabondei, waliokuwa chini ya Wakilindi tangu zamani, waliasi mwishoni mwa miaka ya 1860 katika vita iliyoitwa Kiva, wakawaua au kuwafukuza Wakilindi waliokuwa kwao.

Katika miaka hiyo kisa cha Mbega kilipata masikio mengine. Abdallah bin Hemedi aliandika wakati watu wa Usambara walikuwa wametekwa na kuuzwa na wazao wa yule aliyeitwa kuwaokoa na nguruwe. Hakuandika shutuma waziwazi. Lakini alianza na mgeni anayegawa nyama na kumalizia na wakubwa wanaokamata watu, na msomaji aliyesoma sehemu zote tatu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mwandishi huyo, ambaye alikuwa Mwislamu kama walivyokuwa pia Semboja na wana wengine kadhaa wa Kimweri, aliacha nguruwe wote mahali pao katika kisa bila kuwabadilisha kuwa mnyama mwingine, jambo linaloongeza imani kwamba alipokea masimulizi kama yalivyokuwa.

Wajerumani walipotawala, mfalme Mputa wa Vuga alinyongwa mwaka 1895. Waingereza waliwarudishia Wakilindi madaraka katika mfumo wa kutawala kupitia machifu. Katika miaka ya 1950 wakulima walipinga vikali amri ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, wakawalaumu machifu kwa kuisimamia. Wengi walizungumza kwa lugha ya kale: nchi haikuwa ikiponywa. Sheria ya mwaka 1963 ilimaliza madaraka ya machifu nchini kote.

Tafsiri za wanahistoria

Kwa nini koo zilizokuwa zikijitawala zikubali mgeni? Masimulizi yanajibu kwamba ni nguruwe na nyama. Feierman alipendekeza sababu nyingine nyuma yake. Kabla ya wakati wa Mbega wafugaji walioitwa Wambugu walikuwa wamehamia katika milima hiyo. Lugha yao, maarufu kati ya wataalamu wa isimu, ina msamiati mwingi wa Kikushi ndani ya sarufi ya Kibantu. Hawakufuata desturi za Wasambaa, hawakuwa sehemu ya mtandao wa ndoa na mitani wa koo za wenyeji, na wazee wa koo hawakuwa na njia ya kuamua magomvi kati ya pande hizo mbili. Mwamuzi kutoka nje alihitajika. Katika tafsiri hiyo nguruwe wanabaki kuwa nguruwe, lakini hawakuwa tatizo pekee.

Feierman aliona pia mpangilio ndani ya kisa chenyewe. Mwanzoni Mbega ni mtu wa porini: analala nje, anakula nyama bila chakula cha shamba, hana mke wala ndugu. Hatua kwa hatua anapata chakula kilichopikwa, nyumba, wake, watoto, mji. Mwishoni mtu wa porini ndiye katikati ya nchi iliyolimwa. Kwa mtazamo huo si lazima kila tukio liwe lilitokea hivyo. Kisa kinaeleza jinsi Wasambaa walivyoelewa nguvu ya mfalme, kwamba inatoka porini na inafaa tu ikifugwa.

Kwamba mtu wa namna hiyo aliishi kweli kunakubaliwa na wengi. Orodha ya wafalme inalingana katika koo zisizopendana, nasaba za wakubwa wa vijiji zinarudi kwake, na Wakilindi wenyewe hawakuficha kwamba walikuwa wageni, jambo ambalo ukoo unaobuni asili yake ungelificha kwanza.

Mwindaji mgeni anayeanzisha ukoo wa kifalme hapatikani Usambara tu. Wahehe husimulia kwamba ukoo wa Muyinga, ukoo wa Mtwa Mkwawa, ulitokana na mwindaji Mufwimi aliyepita katika nchi ya chifu mmoja, akazaa na binti yake, kisha akauawa na nyati. Huko Kongo, Walunda husimulia juu ya Chibinda Ilunga, mwindaji kutoka kwa Waluba aliyemwoa malkia Lueji. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu huona hapa mfano wa kisasili uliosafiri pamoja na watu. Hata hivyo wawili hao hawakukodiwa. Wao walioa wakaingia katika utawala kupitia mke. Mbega aliitwa na wanakijiji, akafanya kazi waliyomwitia, akalipwa, akaombwa abaki. Kigego na nguruwe wa mashambani ni vya Usambara na majirani zake.

Makaburi ya wafalme yako Vuga. Mji wa kifalme haupo tena, na mahali pake ni kijiji cha wakulima wa milimani, chini ya mlima uleule.